Nabucco ya Verdi: Gardelli, Muti au Sinopoli?

Msikilizaji anayetaka kuwa na rekodi moja tu ya Nabucco, opera ya Giuseppe Verdi juu ya mfalme Nebukadreza na Wayahudi waliochukuliwa mateka hadi Babeli, kwa kawaida hufikia majina matatu ya waongozaji. Wa kwanza ni Lamberto Gardelli, aliyeirekodi Vienna mwaka 1965 kwa kampuni ya Decca. Wa pili ni Riccardo Muti, aliyeirekodi London kati ya mwaka 1977 na 1978 kwa EMI, na wa tatu ni Giuseppe Sinopoli, aliyeirekodi Berlin mwaka 1982 kwa Deutsche Grammophon. Zote ni rekodi za studio, zote ni za sterio, zote hupatikana katika sidii mbili, na hakuna hata moja ambayo ningemkataza mtu kuisikiliza. Hata hivyo zinatofautiana sana, kiasi kwamba anayeanza na ile isiyomfaa anaweza kudhani kuwa opera yenyewe haina uhai, ilhali kilichopungua ni waimbaji wa kumfikishia uhai huo.

Kipimo changu nakitaja mapema ili msomaji asiyekubaliana nami ajue pa kuachana nami. Watu wengi huijia Nabucco kwa ajili ya kwaya moja, "Va, pensiero", ambamo mateka wa Kiyahudi kando ya mto Frati wanaikumbuka nchi yao. Ndiyo kwaya ambayo Arturo Toscanini aliiongoza jijini Milano mwezi Februari 1901, mabaki ya Verdi yalipohamishiwa katika kaburi lake la kudumu, nayo ikaimbwa na mamia ya watu kwa pamoja. Inastahili kupendwa hivyo. Lakini inachukua dakika tano hivi katika kazi ya karibu saa mbili, na utafiti wa Roger Parker, mtaalamu wa muziki wa Verdi, umeonyesha kwamba kwaya iliyorudiwa usiku wa onyesho la kwanza, tarehe 9 Machi 1842 katika jumba la opera la La Scala huko Milano, haikuwa hiyo bali sala ya mwisho, "Immenso Jehova". Anayechagua rekodi kwa kuuliza ni wapi "Va, pensiero" imeimbwa vizuri zaidi anauliza juu ya sehemu ndogo sana ya kazi hii. Nguzo za Nabucco ni watu wawili, mfalme na binti anayemnyang'anya taji, na rekodi ambayo wawili hao hawakutimia haiokolewi na kwaya yoyote.

Msomaji wa Biblia atayakuta humu mambo anayoyafahamu. Kuangushwa kwa Yerusalemu na kuchomwa kwa hekalu kumo katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, vinubi vilivyotundikwa mitini vimo katika Zaburi ya 137, na mfalme aliyejikweza hata akaondolewa akili yumo katika sura ya nne ya Danieli. Abigaille na Fenena, kwa upande mwingine, hawamo katika Maandiko. Walitoka katika tamthilia ya Kifaransa ya mwaka 1836, iliyoandikwa na Auguste Anicet-Bourgeois na Francis Cornu, ambayo Temistocle Solera aliigeuza kuwa maneno ya opera. Fenena ni binti halali wa mfalme, aliyeshikwa mateka Yerusalemu na anayependana na Ismaele, kijana wa Kiyahudi. Abigaille anahesabiwa kuwa binti wa kwanza, hadi anapoupata waraka unaothibitisha kwamba yeye ni mtoto wa watumwa. Tangu saa hiyo hasira yake ndiyo inayoiendesha hadithi: anamvua baba taji, anamhadaa atie muhuri wa kuwaua Wayahudi pamoja na Fenena, na mwishoni, mfalme alipokwisha kupona na kumgeukia Mungu wa Waebrania, anakunywa sumu na kufa akiomba msamaha.

Abigaille

Verdi alikuwa na miaka 28, na uhusika huu aliuandika bila huruma kwa koo la mwimbaji. Giuseppina Strepponi, aliyekuwa wa kwanza kuuimba na ambaye baadaye aliolewa na Verdi, alikuwa tayari na sauti iliyochoka, na mwaka 1846 aliacha kabisa kuimba jukwaani. Mwanzoni mwa sehemu ya pili Abigaille anasimama peke yake na waraka ule mkononi. Anaanza kwa ghani, yaani uimbaji unaofuata mwendo wa kusema, ya ghadhabu, ambamo sauti inatoka kwenye noti ya juu sana ya soprano, sauti ya juu ya kike, na kuporomoka oktava mbili kwa pigo moja. Mara hiyohiyo muziki unatulia, naye anaimba "Anch'io dischiuso un giorno", kumbukumbu ya siku ambazo moyo wake nao uliwahi kujua furaha. Kisha kuhani mkuu wa Baali anaingia na habari za kumfaa, na sasa Abigaille anaimba juu ya kupanda kitini pa enzi, kwa kasi na kwa noti zinazorukaruka. Mwimbaji anayetaka kuifikisha hali hiyo yote anahitaji nguvu, wepesi na upole, na koo moja halina kawaida ya kuvikusanya vyote vitatu.

Katika rekodi ya Gardelli mwimbaji ni Elena Suliotis, Mgiriki aliyekulia Argentina, na alipoingia studio alikuwa na umri wa miaka 22. Alikuwa amepanda jukwaani kwa mara ya kwanza mwaka mmoja tu kabla ya hapo, huko Napoli. Sauti ya kifua anaitumia bila kujizuia, hata mpaka kati ya sauti hiyo na ile ya juu husikika waziwazi, jambo ambalo mwalimu yeyote wa uimbaji angelikemea. Lakini lile poromoko la oktava mbili analiendea kana kwamba halimgharimu kitu, na linaposhuka chini linatua juu ya neno lenye sumu. Halafu, pale ambapo msikilizaji amekwisha kuamini kwamba huyu ana nguvu tu, anaianza "Anch'io" kwa sauti nyembamba, iliyonyooka na yenye aibu kidogo, ya mtu anayeikumbuka siku ambayo hana hakika kama ilikuwa yake. Sijasikia rekodi nyingine ya studio ambamo hali hizo mbili zinakaa ndani ya mtu mmoja kwa namna ya kuaminika kiasi hiki. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 sauti hiyo ilikuwa imechakaa, na wapo wanaosema kuwa ilitumiwa bila kiasi. Huenda ni kweli, na ndiyo sababu siku zile za Vienna zina thamani, kwa kuwa hazikuweza kurudiwa hata na mwenyewe.

Renata Scotto, katika rekodi ya Muti, ni mwimbaji wa aina nyingine kabisa. Huyu alikuwa na miaka mingi ya kazi nyuma yake, alikuwa amefundwa katika muziki wa Bellini na Donizetti, watunzi wa opera wa Kiitalia, na kila neno analolitamka lina maana iliyofikiriwa. Ndani ya "Anch'io" anaunganisha noti kwa ustadi ambao Suliotis hakuwa nao, na katika dakika za kufa kwake anaugusa moyo kuliko wote. Tatizo ni noti za juu zenye nguvu. Abigaille si uhusika wa ukubwa wa sauti yake, na kila anapolazimika kuishinda okestra kwa juu, sauti inatikisika kwa mawimbi mapana ambayo si kila sikio litayavumilia. Wapo wanaomsamehe kwa sababu ya akili iliyomo katika uimbaji wake, nami ni mmoja wao. Hata hivyo siwezi kumpendekeza kwa mtu atakayeisikia opera hii kwa mara ya kwanza, kwa kuwa atayasikia mawimbi hayo kabla ya kuisikia akili.

Ghena Dimitrova wa Bulgaria, katika rekodi ya Sinopoli, ndiye mwenye sauti iliyoumbwa kwa kazi hii. Ni sauti kubwa, imara kama chuma, na hailegei juu wala chini, wala msikilizaji hapati hofu kwamba noti inayokuja haitafikiwa. Kwa upande wa utekelezaji wa yaliyoandikwa, yeye ndiye mshindi. Ninachokikosa ni utu. Ghadhabu yake katika dakika ya kwanza ni ghadhabu ileile katika dakika ya kumi, na anapopunguza sauti, anaipunguza kwa ustadi pasipo kubadili hali ya moyo. Mtu atakayemlinganisha na Suliotis katika ukurasa uleule atapata noti safi zaidi kwa Dimitrova na binti aliyejeruhiwa kwa Suliotis.

Mfalme

Tito Gobbi alikuwa na miaka 51 mwezi Septemba 1965, na ni haki kusema wazi kwamba noti zake za juu zilikuwa zimekauka. Katika sala ya sehemu ya nne, "Dio di Giuda", ambayo inadai pumzi ndefu na mstari usiokatika, juhudi yake inasikika. Anayemtaka mfalme mwenye sauti nzuri tu ana mahali pengine pa kwenda, nami nitapataja. Lakini Gobbi alikuwa mwigizaji kabla ya kuwa kitu kingine chochote, na mtu aliyezoea kumsikia akiwa Rigoletto, Iago au Simon Boccanegra, wahusika wa opera nyingine za Verdi, atajua ninachokusudia nikisema kwamba anaimba kwa kufikiri kila silabi. Mwishoni mwa sehemu ya pili mfalme anatangaza kwamba yeye si mfalme tena bali ni Mungu, radi inampiga, taji linamwanguka, na kimya kinatanda. Sauti inayofuata baada ya kimya hicho, akiuliza ni nani anayempokonya fimbo ya enzi, si ile iliyotangaza uungu dakika moja kabla. Imesinyaa, inatetemeka, inamtafuta Fenena, inachachamaa tena bila sababu, kisha inavunjika. Verdi aliandika mageuzi hayo yote katika noti, na Gobbi anayatekeleza kimoja baada ya kingine bila kupiga kelele wala kulia kwa makusudi, jambo ambalo waimbaji wengi wa uhusika huu hawakuweza kulikwepa.

Piero Cappuccilli, katika rekodi ya Sinopoli, ndiye niliyesema nitamtaja. Pumzi yake ilikuwa ndefu kupita kawaida, na "Dio di Giuda" yake inatiririka kwa namna ambayo mtu anasahau kwamba mwimbaji anahitaji kupumua. Sauti ni nzito, iliyo sawa toka chini hadi juu, yenye heshima ya kifalme hata katika aibu. Kwa sala hiyo peke yake ningeiweka rekodi ya Berlin mbele ya nyingine zote. Katika wazimu, hata hivyo, anabaki mfalme mno. Msikilizaji anaambiwa kwamba akili imemtoka, lakini hasikii mahali ilipotokea.

Matteo Manuguerra, aliyezaliwa Tunis mwaka 1924, hatajwi mara nyingi kama wale wawili, nami naona ameonewa. Sauti yake ina joto, neno analitamka kwa uwazi, na katika rekodi ya Muti anakuwa baba zaidi ya kuwa mfalme. Pale anapoamka kutoka katika ndoto mbaya na kuiona nje ya dirisha safari ya Fenena kwenda kuuawa, mshtuko wake ni wa mzazi yeyote. Amesimama kati ya Gobbi na Cappuccilli, akiwa na sauti iliyo nzima kuliko ya Gobbi na moyo ulio wazi kuliko wa Cappuccilli, ingawa hana ile nguvu ya pekee ambayo kila mmoja wao anaileta katika ukurasa wake bora.

Mahali ambapo rekodi hizi zinapimika kwa haki zaidi ni wimbo wa majibizano wa baba na binti katika sehemu ya tatu, ndani ya bustani zinazoning'inia. Abigaille ameketi kitini pa enzi, mfalme anaingia akiwa hajielewi, naye anamchokoza hadi anatia muhuri. Mfalme anapogundua kwamba amemhukumu Fenena, anatishia kuutoa ule waraka wa utumwa, na Abigaille anauchana mbele ya macho yake. Kilichobaki kwa mzee ni kuomba. Gobbi na Suliotis wanaiimba sehemu hii kama watu wawili waliokwisha kuumizana kwa miaka mingi: yeye anashuka katika kila ombi, sauti ikizidi kupoteza enzi, na binti anazidi kupanda bila kulainika, na huruma ya msikilizaji inahama kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine na kurudi. Muti anawapeleka Manuguerra na Scotto kwa kasi kubwa zaidi, na moto ni mkali, lakini maumivu hayapati nafasi ya kukaa. Cappuccilli na Dimitrova wanaimba kwa fahari, kila mmoja upande wake.

Kwaya, okestra na waongozaji

Kuhusu waimbaji wengine nitapita haraka, isipokuwa Zaccaria, kuhani mkuu wa Waebrania, ambaye ana sala nzuri kuliko nyimbo nyingi za besi, yaani sauti nzito ya kiume, ikisindikizwa na kundi la selo sita. Hapa rekodi ya 1965 ndiyo iliyo dhaifu. Carlo Cava ana nguvu na nia njema, lakini sauti yake ina ukwaruzo, na sala hiyo inadai utulivu asiokuwa nao. Nicolai Ghiaurov, kwa Muti, hakuwa tena katika miaka yake bora, lakini bado alikuwa na ile sauti pana na yenye giza inayomfanya msikilizaji aamini kwamba watu wangemfuata jangwani. Evgeny Nesterenko, kwa Sinopoli, ni imara na msafi, na kwa mizani ya jumla anamshinda Cava pia. Kuhusu Ismaele, Sinopoli anaye Plácido Domingo, ambaye ni anasa kwa uhusika mdogo kiasi hicho, na hata Anna, dada wa Zaccaria mwenye mistari michache tu, anaimbwa na Lucia Popp. Bruno Prevedi na Veriano Luchetti wanatosha kabisa katika rekodi zile nyingine.

Muti anaongoza Philharmonia Orchestra kama mtu aliyeamua kwamba Verdi wa ujanani hahitaji kuonewa huruma. Utangulizi wa okestra, ambao umeshonwa kwa vipande vya opera yenyewe, ukiwemo wimbo wa mateka, unapigwa kwa ukali na usafi ambao wengine hawaufikii, na mahali ambapo ngoma na tarumbeta za Babeli zingeweza kusikika kama gwaride la kawaida, yeye anazipa hatari. Anajulikana pia kwa msimamo wake wa kuyafuata yaliyoandikwa na kuwanyima waimbaji noti za juu walizozoea kujiongezea. Anayependa noti hizo atazikosa. Mimi sizikosi, kwa sababu mahali pake muziki unapata mwendo.

Sinopoli alisomea udaktari huko Padova na alikuwa mtunzi mwenyewe kabla ya jina lake kujulikana kama mwongozaji, na Nabucco yake inasikika kama kazi ya mtu aliyekifungua kila kiungo ili akione. Sauti za ndani za okestra ambazo kwingine hazisikiki zinajitokeza, mwendo unabadilika ghafla, kimya kinanyooshwa, na kilicholaini kinafanywa laini kupita kiasi. Kuna siku uongozi huo hunivutia sana, na kuna siku hunichosha, kwa sababu macho ya mwongozaji hayaondoki usoni pa msikilizaji. Aliirekodi pamoja na wanamuziki wa Deutsche Oper ya Berlin, na ni katika jumba hilohilo, mwezi Aprili 2001, alipoanguka akiwa anaongoza Aida na kufariki dunia.

Gardelli hana moto wa Muti wala udadisi wa Sinopoli, na wakosoaji wamewahi kumwita mwongozaji wa kawaida. Naona hawakumtendea haki. Huyu ndiye aliyerekodi opera nyingi za mwanzo za Verdi katika miaka ya 1970 kwa kampuni ya Philips, na aliijua lugha hiyo ya muziki kwa namna isiyohitaji kujionyesha. Mwimbaji akihitaji nafasi ya kupumua, nafasi ipo. Hadithi ikihitaji kukimbia, inakimbia. Sidhani kama Suliotis, akiwa na uzoefu mdogo kiasi kile, angeimba alivyoimba chini ya mtu aliyetaka okestra isikike kwanza.

Sasa "Va, pensiero". Waliowahi kuimba kwaya kanisani wanajua kwamba kuimba wimbo wa sauti moja ni kugumu kuliko kuimba sauti nne, kwa sababu hakuna pa kujificha, na Verdi aliuandika wimbo huu karibu wote kwa sauti moja, tena kwa maelekezo ya kuimba kwa sauti ya chini, hadi pale ambapo kinubi cha dhahabu cha manabii kinaitwa na sauti zinagawanyika kwa nguvu ya ghafla. Kwaya ya Deutsche Oper inaanza kwa unong'ono, na mlipuko wa katikati ni mkubwa kweli. Kama kipimo kingekuwa kwaya peke yake, ningeichagua hiyo. Kwaya ya Opera ya Vienna ina sauti za watu wazima waliozoea jukwaa, zenye joto na mtikisiko kidogo, na inaimba kwa huzuni isiyojipamba. Ambrosian Opera Chorus ya London ni nadhifu na sahihi, ila wimbo huu hauombi unadhifu. Katika "Immenso Jehova", inayoimbwa bila ala yoyote, ndiyo inayorejesha heshima yake, kwa kuwa hapo usahihi wake unazaa utukufu.

Ubora wa sauti iliyorekodiwa haupaswi kuwa sababu ya kuikataa rekodi ya zamani kuliko zote tatu. Decca waliifanyia kazi yao Sofiensaal, ukumbi wa Vienna ambao uliungua mwaka 2001 na ambao mafundi wao waliufahamu vilivyo. Kuna mvumo mdogo wa kanda katika sehemu za kimya, lakini waimbaji wanasikika wakiwa na mahali pao, mmoja kulia, mwingine mbali nyuma, na vishindo vya majeshi vinakaribia kana kwamba ukumbi una kina. Rekodi ya EMI inabanana kidogo pale kwaya na okestra zinapopaza pamoja. Ile ya Deutsche Grammophon ni ya dijitali ya miaka ya mwanzo. Haina mvumo wowote, inaonyesha kila kitu, na kwa masikio yangu ina ung'avu mkali kidogo juu ya fidla.

Nyingine, kwa ufupi

Msikilizaji atakutana pia na rekodi ya onyesho la Napoli la Desemba 1949, ambamo Maria Callas anaimba Abigaille na Gino Bechi ni mfalme, chini ya Vittorio Gui. Callas aliuimba uhusika huu katika maonyesho ya mwezi huo tu, na anachokifanya hakijafikiwa na mtu mwingine, wala Suliotis. Sauti ya rekodi, hata hivyo, ni mbovu mno: kuna mikwaruzo, kuna mahali ambapo okestra inazama kabisa. Iwe ya pili au ya tatu, isiwe ya kwanza. Anayetaka kumsikia Callas kwa sauti safi anaweza kuitafuta ghani na aria (wimbo wa mwimbaji mmoja) ya sehemu ya pili katika mkusanyiko wa aria za Verdi alioufanya London mwaka 1958 pamoja na Nicola Rescigno. Rekodi ya Cetra ya mwaka 1951, ya Fernando Previtali, ina Caterina Mancini na Paolo Silveri, nayo ni ya wale wanaofuatilia historia ya uimbaji wa Kiitalia. Kwa wanaotaka kuona jukwaa, ipo video ya La Scala ya mwaka 1986, Muti akiwa na Renato Bruson na Dimitrova, ambamo "Va, pensiero" inarudiwa kwa matakwa ya ukumbi.

Uamuzi wangu, basi, ni Gardelli kwa anayenunua moja. Anayejua kwamba kilicho muhimu kwake ni okestra yenye moto na besi yenye uzito achukue ya Muti, na ajiandae kumvumilia Scotto juu kabisa. Anayeipenda kwaya kuliko watu, au anayetaka sauti safi na waimbaji wasioteleza, atapata furaha kubwa zaidi kwa Sinopoli, na pumzi ya Cappuccilli kama zawadi ya ziada. Kwa mwenye uwezo wa kununua mbili, Gardelli na Sinopoli zinasaidiana vizuri kuliko Gardelli na Muti, kwa sababu kila kilichopungua Vienna, yaani besi, noti za juu za mfalme na ukubwa wa kwaya, kimejazwa Berlin.

Rekodi ya EMI siku hizi hutolewa kwa jina la Warner Classics, kwa hiyo asiyeipata kwa jina la zamani asidhani imetoweka. Zote tatu zimo pia katika majukwaa ya kusikilizia muziki mtandaoni, lakini mnunuzi aangalie asije akachukua mkusanyiko wa vipande teule, ambao kwa kawaida huacha nje ghani, na katika opera hii hasira nyingi za Abigaille zimo katika ghani. Atafute pia maneno ya Solera kamili, pamoja na tafsiri katika lugha anayoifahamu, kwa sababu matoleo mengi ya bei nafuu huyaacha. Na kabla ya kulipa, achukue wimbo ule wa majibizano wa bustani katika sehemu ya tatu, tangu mfalme anapoingia hadi waraka unapochanwa, ausikilize katika rekodi zote tatu mfululizo kwa kikao kimoja, kisha achukue ile ambayo hakuweza kuikatisha.